Jina la Baba Yangu Redioni

Jumatatu, 1 Novemba 1993

Nimepandishwa cheo! Mimi Nathanieli Karugendo, mtunza stoo wa shirika letu la kulea yatima, leo nimekabidhiwa mashine zote. Kompyuta. Simu. Redio za upepo: ya hapa ofisini Bilele, ya Muleba, na ya kule kisiwani. Boti ya injini pia. Nani aguse na nani asiguse, nitasema mimi.

Sababu ni ya huzuni. Bernadina, katibu wetu, tulimzika Alhamisi. Yeye peke yake ndiye aliyejua neno la siri la kufungulia kompyuta, na ameondoka nalo. Tangu hapo mashine inatuuliza neno, sisi tunaitazama tu. Majina ya watoto wote wa mgao wa unga yamo humo ndani. Kabla yake alitangulia Privatus, na namba za kabati la chuma kichwani. Kabla ya Privatus, yule bwana wa Kahororo alizikwa na ufunguo wa pikipiki kwenye mfuko wa suti. Tuliomba tufukue. Ndugu zake wakatufukuza na mapanga.

Ma Georgina, mkurugenzi, akasema hatuwezi kuendelea hivi, kila msiba unatufungia mlango. Akatusimamisha wafanyakazi wote tuliokuja matanga, akatutazama mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayechagua ng'ombe. Jovitha wa redio ya Muleba amekonda. Lukmani mwendesha boti alikuwa anakohoa. Aliponifikia mimi akaniuliza nina kilo ngapi. Nikajibu tisini kasoro kidogo, bila viatu. Akasema, basi Ta Karugendo, utunze wewe.

Shule hakuuliza. Mwenye akili humtambua mwenzake.

Jumatano, 3 Novemba

Fundi amekuja kutoka Mwanza. Kijana mdogo, shati limechomekwa. Ameifungua kompyuta kabla chai yake haijapoa. Kisha akaanza kunihubiria. Eti kila mtumiaji awe na neno lake. Eti kila mmoja apewe milango anayoihitaji kwa kazi yake, si zaidi. Eti mtu akiondoka kazini, mlango wake ufungwe siku hiyo hiyo.

Nikamwambia, mwanangu, hapa kwetu watu wakiondoka hawaagi. Maneno kumi ni majeneza kumi. Akanywa chai.

Nataka neno moja kwa mashine zote. Neno ambalo halifi. Nimewaza chakula chote cha mchana, ndizi zikapoa, maharage yakaganda. Halafu likanijia. Lwakatare! Jina la baba yangu mzazi. Huyo hawezi kufa tena, alishakufa zamani. Na kila asubuhi, kabla ya kazi, shirika zima litamtaja. Wazungu wenyewe wakija kukagua watamtaja!

Fundi akaliingiza kwenye kompyuta mbele yangu. Akanionyesha linavyobadilishwa. Nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa.

Nikamsimulia habari za vita. Mwaka wa sabini na tisa, pale Mutukula, kikosi kizima cha Amin kilikuja usiku kimevaa nguo zetu. Mimi peke yangu kwenye kizuizi. Nikauliza neno la siri. Kimya. Nikauliza tena. Wakaanza kulia, wakaweka silaha chini. Fundi akauliza walikuwa wangapi. Nikasema giza lilikuwa nene, sikuhesabu. Lukmani, ambaye alikuwa anasubiri petroli mlangoni, akasema kwa sauti kwamba alivyosikia yeye, Ta Karugendo vitani alikuwa anasonga ugali.

Ni kweli nilisonga. Mtu anayelinda kizuizi hali?

Jumamosi, 6 Novemba

Nimetoa amri zangu. Nimezisoma redioni mwenyewe, Muleba na kisiwani wakisikiliza.

Amri ya kwanza: boti haiondoki mwaloni Muleba mpaka mwombaji atamke neno la siri redioni. Plagi ya injini itakaa kabatini kwa Jovitha. Hakuna neno, hakuna plagi. Neno nimelipeleka kwa bahasha iliyofungwa kwa gundi, si kwa hewa. Mimi si mjinga.

Amri ya pili, na hii nimeibuni mwenyewe bila fundi yeyote: neno peke yake halitoshi. Lazima liwe kwa sauti ya mtumiaji aliyeandikishwa. Muleba ni Jovitha. Kisiwani ni Alistidia. Bilele ni mimi. Neno sahihi katika mdomo wa mtu mwingine ni wizi.

Amri ya tatu: Lukmani hamo kati ya watumiaji. Mwendesha boti haruhusiwi kuomba boti. Atajua ugali unasongwaje.

Nikauliza kama kuna swali. Redio ikakoroma kidogo. Halafu sauti ya Lukmani, tena kwa adabu kabisa: "Waitu Ta Karugendo, na chooni tukienda tumtaje nani? Ova."

Nimesikia na Jovitha akicheka. Nimeweka akilini.

Jumatatu, 8 Novemba

Ujumbe wa Alistidia umekuja na wachuuzi wa samaki. Alistidia ni mjane wa mdogo wangu Mujuni. Mujuni aliondoka miaka minne iliyopita kwa ugonjwa huu wetu wa kukonda, ambao tulikuwa tunauita Juliana tukidhani ni mzaha. Baada ya matanga maneno yakawa mengi kijijini kwetu Maruku, kwamba nani alimwua nani. Alistidia akafunga mzigo, akaenda kisiwani kuwa mhudumu wa afya wa shirika. Wavuvi wanampenda. Anakohoa, lakini kule kuna upepo.

Ameandika: "Shemeji, neno nimelisoma na kulichoma. Wajua mimi ni mkamwana wa nyumba ile. Tangu nilipoletwa sijawahi kulitamka jina la baba mkwe, hai wala marehemu. Nakuomba unipe lingine, hata la mnyama."

La mnyama! Baba yangu abadilishwe na mbuzi!

Nimekaa nimefikiri kwa haki. Kwanza, neno ni moja kwa mashine zote. Nikibadilisha la redio, nibadilishe na la kompyuta. Na kwenye kompyuta linabadilishwa wapi? Fundi alipitisha kidole haraka mno. Pili, nikimwita tena kutoka Mwanza, Lukmani atacheka mpaka Krismasi.

Jovitha naye akajitia katikati. Akaniambia redioni kwamba kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe wala la mama mkwe, na mimi nalijua hilo, mke wangu mwenyewe akimtaja baba husema "yule mzee wa mgomba mkubwa". Nikamjibu kwamba redio haina masikio ya ukoo. Ni mashine. Kutaja kwenye mashine si kutaja.

Jibu zuri. Nimeliandika hapa lisipotee.

Alhamisi, 11 Novemba

Ma Georgina ameondoka jana kwenda mkutanoni Dar es Salaam. Nimebaki na nchi.

Nimefunga kufuli kwenye simu, lile dogo la kuzuia kuzungusha namba. Ufunguo uko mfukoni. Mhasibu ameomba apigie hospitali kuuliza hali ya mtoto wake. Nikamwambia aniandikie barua ya maombi. Ameandika. Nitaijibu wiki ijayo.

Mchana nikaamua kujaribu mitambo. Nikaita Muleba, nikaomba boti. Jovitha akauliza neno la siri. Nikasema, Lwakatare! Akasema samahani waitu, neno ni sahihi ila sauti siitambui.

Nina mafua tangu Jumanne. Nikasema ni mimi, Karugendo. Akasema kila mwizi anaweza kujiita Karugendo. Nikapiga kelele. Akasema Ta Karugendo wa kweli ana sauti nzito ya kiume, hii ni kama ya mbuzi aliyelowa. Nyuma yake Lukmani alikuwa anacheka hadi kupaliwa.

Nikangoja mpaka jioni, nimekunywa maji ya moto na limau, nikamwita tena. Nikamsifu kwa uaminifu. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya kiume, kwamba siku atakapotoa plagi bila neno na bila sauti, siku hiyo kazi hana. Hakucheka tena. Ana watoto watano wa dada zake marehemu pale nyumbani. Wanakula kwa mshahara huo.

Alistidia akaingia hewani kabla sijazima. Anasema Limi, mke mdogo wa mvuvi Mayenga, yuko karibu kujifungua na mtoto amekaa vibaya. Anaomba boti ije mapema, ilale kisiwani. Nikamwambia boti haiombwi kwa ndoto. Siku ikifika, ataje neno.

Akasema, "Shemeji, unanijua." Nikasema ova.

Jumamosi, 13 Novemba

Senene wameshuka! Mvua ya jana imewamwaga Kahororo kama alivyomwaga Mungu mana. Alfajiri mji mzima uko kwenye majani, wanawake, walimu, hata mchungaji kavua koti. Nimejaza ndoo mbili.

Kabla ya kutoka nilifanya usalama wote. Redio ya Bilele nimezima na kuifungia kabatini. Simu ina kufuli. Mlango una kufuli. Funguo zote kiunoni, zikilia kama kengele nilipokuwa nikiinama.

Mke wangu amewakaanga kwa chumvi na kitunguu. Nimekula nikiwa nimekaa mlangoni. Hakuna aliyenisumbua mchana kutwa. Hivi ndivyo ofisi inavyokuwa ikiongozwa na mtu.

Jumatatu, 15 Novemba

Siku mbaya. Nimelaumiwa tangu saa mbili.

Lukmani alinisubiri kwenye ngazi za ofisi. Macho mekundu. Kwa mara ya kwanza hakuniamkia. Nimekusanya habari kwake na kwa Jovitha redioni, naziandika kama zilivyo, bila kupendelea upande.

Limi alianza uchungu Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi mkono wa mtoto ukatangulia. Alistidia akaita Muleba akaomba boti. Jovitha akauliza neno la siri, kama nilivyoamuru. Alistidia akasema neno analo. Jovitha akasema, litaje dada. Alistidia akasema ni jina la yule mzee wa Maruku. Jovitha akasema najua, litaje. Akasema ni yule aliyetoa mahari yangu. Yule mwenye mgomba mkubwa. Yule baba wa marehemu mume wangu. Jovitha akawa analia sasa, akamwambia dada, nafahamu unayemsema, lakini Ta Karugendo amesema neno lenyewe, na mimi nina watoto.

Alistidia akaliandika kwenye karatasi, akampa Mayenga. Mayenga hajui kusoma. Akaitwa Shilogile, mvuvi aliyefika darasa la tatu. Shilogile akashika chombo cha redio, akasoma silabi moja moja kwa lafudhi yake ya Kisukuma, akamaliza jina lote. Neno sahihi! Jovitha akakumbuka amri ya pili. Sauti si ya aliyeandikishwa.

Wakaita Bilele. Bilele kimya. Jovitha akakimbia posta akapiga simu ofisini. Ikalia. Mhasibu alikuwa nje anaisikia kupitia dirishani, mlango una kufuli. Lukmani alikuwa amekaa ndani ya boti, injini haina plagi. Anasema alikwenda kulivunja kabati, Jovitha akasimama mbele yake, akamwambia, vunja, kisha uwalishe wewe hawa watoto. Akarudi akakaa.

Saa sita kasoro, Alistidia akarudi hewani. Akawaomba wavuvi watoke nje. Akalitamka.

Jovitha anasema alilitamka mara moja, wazi, kama mtu anayejibu mahakamani. Kisha akasema ova.

Boti ikaondoka. Mchana ziwa lilikuwa limechafuka. Walimfikisha Limi hospitali jua linazama. Yeye yuko hai. Mtoto hapana. Alikuwa wa kike.

Nimemwambia Lukmani pole. Nimemweleza kwamba mitambo ilifanya kazi kama ilivyopangwa: neno lilitajwa, sauti ikatambuliwa, boti ikatoka. Asilaumu mitambo, amlaumu aliyechelewa kutaja.

Hakunipiga. Alivua kofia yake, akaiweka kichwani tena, akaondoka.

Jambo moja tu linaniuma na sijamwambia mtu. Redio za misheni na za kambi za wakimbizi zote ziko kwenye mawimbi yale yale. Mkoa mzima umesikia mkamwana akilitamka jina la baba yangu.

Jumatano, 17 Novemba

Ma Georgina amerudi. Hakukaa. Alisikiliza akiwa amesimama, mkoba bado begani. Nilimweleza mambo ya wakati wa vita, umuhimu wa kizuizi. Akaniuliza kama najua mtoto wa kwanza wa Limi alizikwa wapi. Nikasema sijui. Akasema, kule kule kisiwani, na huyu tumemzika Muleba, na mama yao ana miaka kumi na tisa.

Akachukua funguo zote. Akamwita fundi wa Mwanza kwa simu yangu mwenyewe! Kila mtu apewe neno lake, na jingine la akiba libaki kwa watu wawili wazima. Plagi ikae ndani ya injini. Lukmani aombe boti, aipeleke, airudishe.

Mimi nimehamishiwa geti. Mlinzi. Nimekubali kwa heshima. Geti ni mashine kubwa kuliko zote, na bila geti hakuna anayefika kwenye hizo nyingine.

Jumamosi, 20 Novemba

Maruku. Nimeitisha kikao cha ukoo. Jina la marehemu haliwezi kuanikwa hewani kama kaniki halafu tukae kimya. Nimedai Alistidia atoe mbuzi na pombe ya ndizi, aombe radhi.

Alikuja. Lukmani alimleta mpaka Muleba, kutoka hapo akapanda lori. Amebaki mifupa na macho. Tangu Jumamosi ile, wanasema, chakula hakimpiti. Alikaa kwenye nyasi karibu na mlango, hakuinua kichwa, akamwomba radhi marehemu kwanza, sisi baadaye.

Ta Mutembei, ndugu wa baba aliyebaki, haoni vizuri. Akamwuliza kwa upole alikuwa anawaza nini muda ule wote, tangu asubuhi mpaka saa sita.

Akasema, "Waitu, nilikuwa naogopa. Halafu nikawaza, mzee angekuwa hai angelitaja mwenyewe ili boti ije. Nilichelewa kuwaza."

Kuku wakapita katikati. Ta Mutembei akafuta macho yake yasiyoona, akasema huyu mkamwana wetu hana deni na nyumba hii. Kisha akauliza ni nani aliyelifunga jina la kaka yake kwenye injini ya boti. Wote wakanitazama. Akasema mbuzi na pombe vitoke kwangu, na mbuzi aende kwa Limi anywe supu.

Nimejieleza kwa kirefu. Nilipofika Mutukula, wazee walikuwa wameshainuka.

Alistidia alikuwa hawezi kusimama. Mke wangu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani.

Jumatatu, 22 Novemba

Siku ya kwanza getini. Mvua. Nimepewa filimbi na koti la Bernadina, linanibana.

Hali ni ya hatari. Kila mtu anaingia tu! Wajane, watoto, wauza karanga, wanasema hodi wanapita. Nimefikiri asubuhi nzima. Kosa la zamani nimeshaliona: jina la mwanamume lina ukali, linatisha watu. Lukmani amepita na boksi la dawa, akaniamkia vizuri kabisa, nikadhani ananicheka.

Keshokutwa Alistidia analetwa hapa kutoka Maruku kulazwa hospitali, gari la shirika litampitisha ofisini kwanza achukue barua ya matibabu. Dereva ameniomba nisiwacheleweshe, hali yake si nzuri.

Hawatacheleweshwa hata kidogo. Nimeshapanga. Kuanzia kesho anayetaka kupita getini atataja neno jipya, kwa sauti yake mwenyewe, akiniangalia machoni. Kokushubira. Jina la mama yangu. Ni jina laini, la kike, halijawahi kumdhuru mtu. Safari hii hakuna mkamwana atakayelalamika.